Upande wa Pili wa Kanda ya Odhis

Jumapili, Karungu. Asubuhi mvua, sasa jua linachoma.

Nimeamka na koo kavu, miguu inauma, na kichwani nina wimbo ambao mpaka asubuhi hii nilikuwa nimesahau unaanzaje. Mahema yameng'olewa. Viti vya plastiki vimepandanishwa ukutani vikisubiri pikapu ya kuvirudisha, na kuku wanazunguka pale palipopikiwa wali jana, wakishukuru kuliko wageni wengi niliowahudumia. Mama yuko jikoni na hataki msaada wa mtu. Nimekaa hapa mlangoni na simu yangu, naandika kabla mambo hayajapoa moyoni, maana yakipoa nitaandika kama mwalimu.

Jana tulifanya rapar ya kaka yangu Odhiambo, Odhis wetu. Kwa ninyi mliozaliwa mbali na ziwa: rapar ni siku ya kumkumbuka marehemu, ambayo sisi huifanya machozi yakishakauka kidogo. Watu wanakula, wanacheza, wanamsimulia. Si matanga. Matanga yalikuwa mwaka jana, figo zilipomshinda, na wakati huo sikuandika chochote hapa. Sikuwa na maneno, mimi ninayelipwa kufundisha maneno.

Jana nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kanda yake ichezwe.

Mama alikuwa amekataa.

Ngoja niwaeleze kuhusu hiyo kanda, kwa sababu najua baadhi yenu hamjawahi kushika kaseti mkononi. Iliitwa *Uliza Tena*. Vijana fulani wa Nairobi, ambao sura zao hatukuwahi kuziona kwa kuwa picha ya jaladani ilichapishwa vibaya na nyuso zote zikatoka nyeusi tititi, walirap kwa Kiswahili mambo ambayo nyumbani yalisemwa kwa kunong'ona. Chifu. Kitambulisho. Barabara iliyojengwa kwenye redio tu. Mtu aliyechukuliwa na gari la serikali asirudi. Hiyo ilikuwa miaka ambayo marehemu baba yetu alifunga dirisha kwanza ndipo amtaje rais, hata akiwa anamsifu.

Odhis alikuwa anasoma Homa Bay, anakaa kwa shangazi yetu. Njia ya kutoka shuleni ilipita kwenye duka la Mzee Swaleh, Mwislamu kutoka Malindi aliyeuza leso, mafuta ya nazi na kaseti. Alikuwa ameelekeza spika barabarani ili avute wateja. Benga, muziki wetu wa gitaa, ilivuta. Nyimbo za kanisa zilivuta. Ile ya vijana wa Nairobi haikuvuta mtu yeyote isipokuwa kaka yangu, aliyesimama pale kila jioni na sare yake ya shule, mdomo wazi, bila senti mfukoni. Mwishowe mzee alichoka. "Chukua," alimwambia, "wanizibia mlango."

Hivyo ndivyo *Uliza Tena* ilivyofika Karungu, ndani ya soksi, kwenye begi la likizo.

Sasa nikiri jambo, nikitumaini kwamba mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha kule Uriri hasomi blogu. Kiswahili changu hakikutoka darasani. Darasani kilikuwa lugha ya kuchapwa fimbo. Sokoni Sori kilikuwa lugha ya kuzungumza na polisi na watu wa kutoka mbali. Nyumbani ilikuwa Dholuo, kanisani Dholuo, ugomvi Dholuo, hata ndoto Dholuo. Kanda ile ndiyo iliyonionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kukasirika. Kwamba kinaweza kutania mkubwa usoni na mkubwa asijue acheke au aite askari.

Maneno yaliyotushinda Odhis aliyakariri, akaenda nayo Homa Bay shule zilipofunguliwa, akamuuliza Mzee Swaleh, na likizo iliyofuata akaniletea maana. Neno "ubadhirifu" nililisubiri muhula mzima. Nikilifundisha leo kwa kidato cha pili, wanafunzi hushangaa kwa nini mwalimu anatabasamu.

Kitu kingine alichoniambia Odhis sijakisahau. Tulikuwa tunaanika omena, wale dagaa wa ziwani, za Mama, redio iko juu ya mtungi uliofunikwa, na yule kijana mwenye sauti nzito alikuwa anajigamba kabla hajaanza kuuliza maswali yake. Odhis akacheka. "Hawa wanafanya pakruok tu," akasema. Pakruok ni desturi yetu kwenye ngoma. Mtu ananyanyuka, anaweka chochote alicho nacho mezani kwa wapigaji, muziki unasimama, naye anajisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, mkwe wa nani, anawasalimia wapenzi wake, anawachoma maadui. Muziki haurudi mpaka amalize. Na hakuna anayeweza kumkalisha chini, hata awe maskini wa mwisho kijijini. Odhis alisema Wanairobi wametuibia mali yetu, lakini tuwasamehe kwa sababu wameitunza vizuri.

Halafu kuna kilichotokea upande wa pili.

Mama alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Walikuwa wanajiandaa kwenda kuimba Homa Bay, na mtu mmoja akawaambia kwamba kwaya za maana hujirekodi ili zisikie makosa. Redio ya Odhis ilikuwa nyumbani, kanda iko ndani, Odhis yuko shule. Mama akaibeba redio mpaka kanisani, akaziba vile vitundu vya juu ya kanda kwa karatasi ili ikubali kurekodi, kama alivyoelekezwa, akabonyeza. Kwa Mama, kanda ilikuwa kama sufuria: ukimaliza kupika hiki unapika kile.

Likizo ilipofika Odhis alikaa kusikiliza upande wa pili, ule wenye wimbo wa mwisho, uliobeba jina la kanda nzima. Badala yake wakaja wanawake wa Karungu wakimsifu Bwana. Mbwa anabweka. Mtoto wa mtu analia. Kisha sauti ya Mama, ya ujana, kali: "Zima, zima, betri zitaisha!" Na hapo hapo, bila hata kupumua, kijana wa Nairobi anaingia katikati ya sentensi akipiga kelele, "...na wakinyamaza, uliza tena!"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Odhis hakula siku hiyo. Nusu ya kwanza ya wimbo bora kuliko zote ilikuwa imekwenda, na hakukuwa na kanda nyingine Karungu, wala kwa Mzee Swaleh.

Lakini mtu huzoea. Kufikia Krismasi Odhis alikuwa anaimba yote mfululizo, kwaya, mbwa, "zima, zima", halafu rap. Sisi wawili tulikua huo ukiwa ndio wimbo. Mpaka leo nikisikia kwaya yoyote ya wanawake ikifika mwisho, mwili wangu unasubiri kelele ya kijana wa Nairobi. Nimewahi kuaibika hivyo harusini.

Mama hakuona kichekesho. Yeye aliona kingine, na alikiona mapema kuliko sisi. Aliona mwanawe amekuwa mtu wa kuuliza.

Odhis alirudi Karungu, akawa fundi wa injini za boti, mtu wa mikono myeusi na mdomo mwepesi. Kila baraza la chifu alikuwepo, na kila baraza alinyoosha mkono. Aliuliza habari ya soko, aliuliza habari ya maji. Miaka ya mwisho alikuwa na swali moja tu. Kwetu kuna zahanati iliyojengwa kwa mawe, ikapakwa rangi ya samawati, ikafunguliwa kwa hotuba na soda, kisha ikafungwa. Odhis alikuwa akisimama na kusema, kwa Dholuo, polepole, kama anavyorap mtu asiye na haraka: "Ina mlango, ina rangi, ina kufuli. Nesi yuko wapi?"

Watu walicheka mara ya kwanza. Baadaye walitazama chini. Mara moja alilala selo kwa sababu ya swali hilo, akatoka asubuhi akiwa na kikohozi na utani mpya. Chifu akaanza kumruka kwa macho. Kamati ya ufuo, ile ya wavuvi na wenye boti, ikamtoa. Mama akawa anaitwa sokoni "mama ya yule mkorofi", na kila alipoiona ile kanda alisema neno lile lile: "Hii kitu ilinilia mtoto."

Nilikuwa namwambia Mama si kweli. Sasa sina hakika. Ilimla kidogo, ndiyo. Lakini ilimlisha pia.

Basi, rapar. Mama alitaka iwe kubwa. Na Mama, mwenyewe, kwa miguu yake, alienda kumwalika mheshimiwa wa wadi. Mheshimiwa akatoa mahema, viti na spika, na akakubali kuja kuhutubia. Niliposikia nikapiga simu kutoka Uriri nikiwa nimewaka. Mheshimiwa! Yule yule aliyeulizwa swali la zahanati mpaka akaacha kuja baraza!

Mama aliniacha niseme yote. Kisha akasema, kwa Dholuo, taratibu, "Mtoto wangu ametukanwa miaka yote hiyo. Nataka siku moja mtu mkubwa asimame amtaje kwa heshima, na wote wasikie. Halafu, hiyo kanda sitaki kuisikia. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma. Alitaka mwanawe asafishwe jina, na mimi nilitaka mwanawe abaki mwenyewe, na hivyo viwili havikuweza kukaa kwenye hema moja. Niliona wazi kitakachotokea: Odhis atafanywa marehemu mpole, mtu wa amani, na tukishamaliza kula hakutakuwa na Odhis mwingine.

Nilisema sawa, Mama. Siku iliyofuata nikaenda Homa Bay kutafuta redio ya kaseti.

Mimi ni mkaidi. Nilizaliwa hivyo.

Duka bado lipo, ila sasa linauza simu na mapazia, na ni mwana wa Mzee Swaleh anayeliendesha. Mzee mwenyewe alikuwa ndani nyuma, kwenye kiti cha kamba, macho yameingia ukungu. Nilimwamkia, nikajitaja kuwa dada ya yule kijana aliyekuwa akisimama mlangoni. Ikachukua muda, kisha uso ukafunguka.

"Yule wa maswali! Alikuwa akija hapa, mwanangu, anipa neno, nami nampa maana yake. Nikamwambia, wewe wataka kuwa shehe au wakili? Yu wapi?"

Nikamwambia.

Akasoma dua yake kwa sauti ndogo, akajipangusa uso. Halafu akamwita mwanawe atafute darini. Redio ilikuja na vumbi la miaka, mlango wa kaseti umeshikiliwa kwa mpira, lakini ilipochomekwa umeme ikawaka. Nikatoa kanda mkobani, niliyoichukua nyumbani siku za matanga. Utepe ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kalamu kama zamani, vidole vikakumbuka vyenyewe. Nikajaribu upande wa kwanza kidogo tu. Sauti ilikuja nzito, imechoka, lakini ilikuwa ni wao. Mzee Swaleh akatikisa kichwa, akacheka. "Makelele yale yale," akasema. "Nenda nayo, mwanangu. Miye leo sina mlango wa kuzibiwa."

Nililia njiani mpaka Ndhiwa. Abiria wa kando yangu akanipa tishu bila kuuliza.

Nilipofika Karungu, Awuor, binti wa Odhis aliyemaliza kidato cha nne, alinipokea na habari. "Waya," akaniambia, maana mimi ni shangazi yake upande wa baba, "nimeipata. Album yote iko mtandaoni, mtu ameipost. Ile song ya last iko full, hata ile sehemu Dani alifuta." Dani ni bibi, yaani Mama. Akanitumia hapo hapo.

Nikaitazama kwenye simu. Nusu ya wimbo ambayo kaka yangu alikufa bila kuisikia tena. Kidole kikakataa. Nikaweka simu mfukoni nikaenda kumenya viazi.

Jana sasa.

Watu walijaa. Mimi na Awuor tulikaa kwenye meza ya muziki, tukapiga benga na nyimbo za kanisa, na ile redio ya Mzee Swaleh ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kwa leso, imeunganishwa na spika. Mama hakuiona. Nadhani hakuiona. Alikuwa ameketi mbele kabisa na kitambaa kipya kichwani, mgongo wima, akimsubiri mgeni wake.

Mheshimiwa alifika tukiwa tumekwisha kula, kama kawaida yao. Alisalimia, akatania, akachangamsha watu, na kusema kweli ana kipaji. Kisha akaanza kumzungumzia Odhis.

"Marehemu alikuwa mtu humble sana," akasema. "Mtu wa development. Hakuwa mtu wa kelele. Mimi na yeye tulikuwa tunakaa chini, tunaelewana polepole. Hata sijawahi skia Odhiambo akiinua sauti kwa kiongozi. Vijana, mjifunze kutoka kwake. Kunyamaza nayo ni hekima."

Watu walipiga makofi. Wachache, kisha wengi, maana makofi huambukiza.

Nilimtazama Mama. Hiki ndicho alichokitaka: mtu mkubwa, kipaza sauti, jina la mwanawe likitajwa kwa heshima mbele ya wote waliomcheka. Nilimwona akigeuka kutazama kaburi, lile pale upande wa kushoto wa nyumba, kama anayetaka kuthibitisha kwamba aliyelala pale ni yule yule.

Mheshimiwa alipokaa tulicheza benga, na watu wakaanza kunyanyuka kucheza. Hapo ndipo Mama aliposimama.

Alikuja moja kwa moja kwenye meza yetu. Akafungua fundo la leso yake, akatoa sarafu, akaiweka mezani. Sijawahi kumwona Mama akifanya pakruok maishani mwangu. Yeye ni mtu wa kanisa. Awuor alizima muziki kabla mimi sijaelewa, na kijiji chote kikageuka.

"An nyar Ndhiwa," Mama akasema. Mimi ni binti wa Ndhiwa. Watu wakamwitikia kwa vifijo, kama inavyotakiwa. "An min Odhis." Mimi ni mama wa Odhis. Wakaitikia tena. Akasubiri watulie. "An min japenjo."

Mimi ni mama wa mwulizaji.

Hakuna aliyeitikia.

Kisha Mama akamgeukia mheshimiwa, na akaendelea kwa Dholuo, bila kuinua sauti hata kidogo. Alisema anashukuru kwa mahema. Alisema mgeni amemzungumzia mtu mzuri, mpole, ila huyo mtu yeye hakumzaa. Aliyemzaa alikuwa na kelele tangu tumboni. Alisema mwanawe aliacha swali, na swali halizikwi pamoja na mtu. Kisha akamkumbusha: zahanati ina mlango, ina rangi, ina kufuli. Nesi yuko wapi?

"Nimesimamisha muziki," akamaliza. "Utarudi ukinijibu."

Ninyi msio wa huku hamwezi kujua uzito wa jambo hilo. Kwenye baraza angeambiwa akae, muda umeisha. Kwenye ofisi angeambiwa arudi kesho. Lakini hii ilikuwa pakruok, nyumbani kwake, kwenye rapar ya mwanawe, sarafu yake iko mezani. Hata mheshimiwa, ambaye ni mtoto wa huku huku, alijua hawezi kuwasha muziki, hawezi kuondoka, hawezi kumkalisha mama mzee chini. Alitazama vijana wake. Vijana wake wakatazama viatu vyao.

"Mama," hatimaye akasema, "hiyo ni swali ya maana. Tutafuatilia."

"Odhis ulimwambia hivyo hivyo," Mama akajibu, na hajaondoa mkono mezani.

Mheshimiwa akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Akapangusa shingo. Akasema basi, mbele ya watu wote hawa, nesi atakuwa amefika kabla ya mwezi kwisha, na asipofika Mama amwulize kwenye baraza.

Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniinamia, na nikasikia harufu ya moshi na sabuni, harufu yake ya siku zote. "Toa hiyo kitu iko chini ya meza," akaninong'oneza. "Weka pale tuliimba."

Nikaipandisha redio mezani, Awuor akabonyeza.

Ikaanza ile kwaya. Wengi wa wanawake wale wametangulia. Min Achieng', ambaye sauti yake ya pili ilikuwa inatikisa mabati. Mke wa mzee wa kanisa. Wote wakawa pale uani, vijana, wakiimba kutoka kwenye redio iliyoshikiliwa kwa mpira, na nikaona wanawake wa umri wangu wakifunika midomo, maana walikuwa wanawasikia mama zao. Mama alisimama akaimba sehemu yake, akijifuata mwenyewe kwa sauti iliyozeeka. Mbwa akabweka. Mtoto akalia. Mtoto huyo sasa ni baba wa watu, alikuwa amekaa pale nyuma, na watu wakamwonyesha kidole.

"Zima, zima, betri zitaisha!"

Na kijana wa Nairobi akaingia: uliza tena.

Vijana walicheka kwanza. Kisha wakasogea karibu na spika, na kufikia mara ya tatu ya kiitikio walikuwa wanaitikia. Hawakuwa wamezaliwa kanda ile ilipotoka. Hakuna aliyehitaji kuwafafanulia neno hata moja. Nilifurahi kwa hilo, na pia nilihuzunika, kwa sababu wimbo wa miaka ile ulipaswa kuwa umezeeka kufikia leo. Mheshimiwa aliaga ukiwa bado unaendelea. Nilimpungia mkono, sina kinyongo. Alijibu, walau, jambo ambalo wengine hawakuwahi kufanya.

Asubuhi hii, mvua ikinyesha, tulikunywa chai sisi watatu. Mama akamwambia Awuor, "Hebu nisikie hiyo sehemu nilifuta." Nikataka kukataa, lakini si mimi niliyefuta, basi si mimi wa kukataza. Awuor akabonyeza simu.

Wimbo unaanza na mtu anayekohoa. Kisha ngoma, kisha ubeti mmoja mzuri tu kuhusu mvulana anayekatazwa kuuliza maswali darasani, halafu wa pili, halafu pale ninapopajua. Si vibaya. Nilisubiri kifua kipasuke, na hakikupasuka. Nilichokisubiri miaka yote hiyo kumbe nilikuwa nacho.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande kama anapopima omena kwa macho. "Kwaya yetu ilikuwa bora," akasema. Awuor alimwaga chai kwa kucheka, nami nikacheka, na Mama akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu tumzike Odhis.

Jioni narudi Uriri. Kanda naiacha hapa, Mama ameiomba, ameiweka kabatini pamoja na Biblia yake. Sitafuti maana ya hilo.

Kabla sijaanza kuandika haya aliniita jikoni. Jumatano kuna baraza la chifu, akasema. Nikamwambia mheshimiwa amesema mwisho wa mwezi, bado mapema. Akaniambia anajua ni mapema, anataka tu waanze kumzoea. Lakini kuna ofisa mpya amehamishiwa hapa kutoka mbali, hajui Dholuo. "Lile swali la kaka yako," akasema, "kwa Kiswahili linaendaje?"

Nikamfundisha, mwalimu na mwanafunzi wake, katikati ya moshi. Yuko huko sasa hivi. Namsikia akisugua sufuria, anaanza, anakosea, anarudi mwanzo.

Ina mlango, ina rangi, ina kufuli.